Anayeuguza Naye Ana Mgongo

Nilipofika nyumbani Mpwapwa mwishoni mwa mwezi uliopita, saa nne asubuhi, nilimkuta dada yangu amelala kifudifudi juu ya mkeka uani. Binti yake wa miaka kumi na mmoja alikuwa amesimama juu ya mgongo wa mama yake, ameshika ukuta kwa mkono mmoja, akitembea hatua ndogo ndogo kutoka kiunoni kwenda mabegani na kurudi. Nilidhani wanacheza. Dada hakuinua hata kichwa. "Karibu, mdogo wangu. Ngoja kwanza daktari wangu amalize."

Chumba cha pili mama yetu alikuwa amelala. Huu ni mwaka wa tatu tangu apatwe na kiharusi. Upande wa kulia haumtii tena, maneno yamebaki machache, na akili yake, kwa kadiri tunavyoweza kujua, ipo timamu na inaona kila kitu.

Nieleze kazi yenyewe kwa tarakimu, maana sisi wa vyuo vikuu hatuamini maumivu mpaka yahesabiwe. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa takriban kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulala. Hiyo ni mara kumi na mbili kwa siku, mara 4,380 kwa mwaka. Mama ana kilo sitini na nane. Kati ya saa nne usiku na mapambazuko kuna mara nne, na kila moja humkuta dada usingizini. Ongeza maji. Anayeijua Mpwapwa anajua kwamba mvua zikishakatika kuelekea Mei, hatuzitarajii tena mpaka kukaribia Desemba, na shuka za mgonjwa hazisubiri masika. Ndoo ya lita ishirini ina uzito wa kilo ishirini, na dada huinua ndoo sita kwa siku kabla hajamgusa mgonjwa.

Na mimi? Mimi hutuma fedha kwa simu kila tarehe ishirini na tano. Katika kikao cha ukoo cha Desemba, mjomba aliposimama kutoa shukrani kwa wote "wanaohangaika na mama", alinitaja mimi kwanza, akanitaja pamoja na shahada zangu. Watu wakapiga makofi. Dada alikuwa jikoni akiwapikia waliokuwa wakipiga makofi. Ninaandika, basi, nikiwa mshtakiwa wa kwanza, na msomaji asidhani ninamnyooshea kidole jirani.

Lugha yetu inalijua jambo hili kuliko tunavyolijua sisi. Kuuguza kumetoka katika kuugua, kama kulaza kulivyotoka katika kulala. Kwa sarufi tupu, kuuguza kungekuwa kumfanya mtu augue. Wenye lugha wakaligeuza neno likawa ni kukaa na ugonjwa wa mwingine mpaka uishe au umwishe yeye. Ndiyo maana tunauguza kidonda na tunauguza mzazi kwa kitenzi kilekile. Lakini tazama majina. Muuguzi ana sare, zamu, likizo na pensheni. Yule anayefanya kazi hiyohiyo nyumbani, bila zamu ya kumpokea, hana hata jina moja tunalokubaliana: mara mlezi, mara mtunzaji, mara "ndugu wa mgonjwa", kama vile kazi yake ni kuwa na undugu tu. Husemwa mgonjwa haulizwi uji. Anayeuguza haulizwi chochote.

Wiki chache kabla ya safari hiyo nilikuwa nimekaa katika semina moja jijini Dodoma kuhusu afya ya akili kazini. Mtoa mada, kijana hodari kwa kweli, alifika kwenye slaidi iliyoandikwa "Kujitunza". Palikuwa na picha ya mwanamke wa Kizungu amelala kifudifudi, mawe meusi yamepangwa mgongoni, mshumaa pembeni. Tuliambiwa tujipende kwanza. Tuliambiwa kwamba kikombe kitupu hakimnyweshi mtu, kwamba anayewatunza wengine ajipangie muda wake, aende akakandwe angalau mara moja kwa mwezi. Tuliandika. Tulikunywa chai. Kwa bei ya saa moja katika hoteli alizozitaja, dada yangu angenunua sabuni na sukari ya wiki kadhaa, na wakati huo nani angekuwa anamgeuza mama?

Sina ugomvi na mawe ya moto. Ugomvi wangu ni na wazo lililofichwa chini yake: kwamba uchovu wa anayeuguza ni kosa lake mwenyewe la kutojipenda. Mzigo umewekwa juu ya kichwa cha mtu mmoja na watu kumi. Mtu huyo anapopepesuka, wale kumi wanamletea mtaalamu amfundishe kupumua. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Siku hizi tunaongeza kejeli: tunamwambia mwenye mzigo kwamba ni usufi iwapo ataubeba kwa mtazamo chanya.

Lipo pia kundi la pili, nalo ni kubwa zaidi huku kwetu, linaloona kukandwa ni anasa, au ni jambo la aibu. Katika miji yetu neno masaji limepakwa harufu ya vyumba vya pazia jekundu, kiasi kwamba mke wa mtu akisema anataka kukandwa mgongo, watu hutazamana. Kati ya wahubiri wa mshumaa na wacheka wa pazia, mgongo wa dada yangu umekosa wakili.

Nami nasema kukandwa ni kwetu kabisa. Ni nani kati ya wasomaji wangu ambaye mama yake hakukandwa alipomzaa? Mama mzazi hukalishwa, maji ya moto huletwa, kitambaa huchovywa na kukamuliwa, na mikono ya mama yake, au ya mama mkwe, au ya bibi wa jirani hupita tumboni, kiunoni na mgongoni, asubuhi na jioni. Supu huletwa. Uji huletwa. Pwani wanasinga kwa liwa na mafuta ya nazi. Huku bara, penye ng'ombe, samli imefanya kazi hiyo, na sasa tuna alizeti kila kona ya mkoa. Wahudumu wa afya wana haki ya kuonya kuhusu maji yanayounguza na tumbo linalobanwa kwa nguvu, hasa kwa aliyejifungua kwa upasuaji, na waonye. Lakini hapajawahi kusimama mzee kijijini akauliza kama huyo mzazi anaendekeza anasa. Jamii ilitambua kwamba mwili uliotumika kwa ajili ya mwingine hudai mikono ya mwingine, ikatenga siku arobaini, ikateua watu wa kuzisimamia. Aliyembeba mzazi wake kwa miaka mitatu ametengewa siku ngapi? Tumemtengea sifa. Tumemwambia atabarikiwa.

Sitadai makubwa kuhusu kukanda. Faida yake ni ya kawaida na hupita: misuli iliyokaza hulegea, wasiwasi hupungua kwa muda, usingizi huja kwa urahisi zaidi. Lazima urudie. Hakulipi deni la duka la dawa wala hakumfanyi mgonjwa atembee. Tena kuna mahali ambapo mikono haitakiwi: mguu uliovimba upande mmoja, wenye joto na maumivu, usiukande, kwa kuwa huenda damu imeganda ndani ya mshipa, wala usikande penye homa, jeraha, uvimbe usioeleweka au mfupa unaoshukiwa kuvunjika. Na anayeuguza ambaye mgongo wake umeanza kumletea ganzi kati ya mapaja, au miguu inayoishiwa nguvu, au kushindwa kuzuia mkojo, huyo hahitaji mafuta ya alizeti, anahitaji hospitali siku hiyohiyo. Nayasema haya kwa sababu wengi wa wanaouguza wamezoea kuyaona maumivu yao kuwa si habari.

Siku ya pili nilimwomba rafiki yangu, mtaalamu wa fiziotherapia, aje nyumbani. Alikaa dakika arobaini. Alianza kwa kumshusha mtoto kutoka mgongoni mwa mama yake, akamweleza kwa upole kwamba uzito wa mtu mzima wa kesho usisimame juu ya uti wa mgongo wa mtu mzima wa leo. Akamwonyesha kutumia viganja, kupita pembeni mwa uti na si juu ya mfupa, kuanzia chini kupanda, kisha shingo na mabega, baada ya kuweka taulo la maji ya uvuguvugu. Robo saa inatosha. Halafu akaingia chumbani. Akakunja shuka mara mbili, akalipitisha chini ya mama, akamwonyesha dada kwamba mgonjwa huvutwa kwa shuka, hainuliwi kwa kwapa. Akamkunja mama goti kabla ya kumgeuza, na mwili wote ukafuata goti kama mlango unavyofuata bawaba. Akaagiza miguu ya kitanda iwekwe juu ya matofali ili dada asiiname. Akamwambia dada atangulize mguu mmoja na akunje magoti yake mwenyewe.

Dada alijaribu. Mama akageuka. Dada akasimama kimya kidogo, kisha akauliza, "Kumbe kulikuwa na njia?"

Swali hilo ndilo linalonifanya niandike. Mama aliporuhusiwa kutoka katika hospitali moja, ambayo haina haja ya kutajwa kwa sababu nyingi hufanya vivyo hivyo, tulipewa dawa katika mifuko ya karatasi na tarehe ya kurudi. Hapakuwa na mtu aliyemwambia dada namna ya kumgeuza mtu wa kilo sitini na nane. Kwa miaka mitatu, mara elfu kumi na kitu, amemwinua mama kwa namna inayoharibu migongo miwili, kwa kukosa somo la dakika arobaini. Somo hilo halihitaji mtambo kutoka ng'ambo wala mfadhili. Linahitaji mtu mwenye mamlaka aamini kwamba mwili wa anayeuguza ni sehemu ya matibabu.

Tulifikaje hapa? Uchangiaji wa huduma za afya ulipoanza mwaka 1993, gharama za kulazwa zilirudi mifukoni mwa familia wakati uleule UKIMWI ulipokuwa ukizigeuza nyumba kuwa wodi. Mabinti waliacha shule wakauguza. Bibi zetu walizika watoto na kulea wajukuu. Taifa lilijifunza kitu kimoja kutoka miaka ile, nacho ni kwamba wanawake wataifanya kazi hiyo hata bila kulipwa, kufundishwa wala kuulizwa. Nasi hatujaacha kulitumia somo hilo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliiweka familia kuwa msingi wa matunzo ya wazee. Sina pingamizi na familia. Ila katika karatasi za sera familia ni neno lenye watu wengi, na ukifika nyumbani unamkuta mtu mmoja, naye ana jina la kike. Hata pale Mirembe, hospitali ambayo mkoa wetu umeizoea hadi kuifanya utani tangu ilipojengwa miaka ya 1920, mgonjwa akiruhusiwa hukabidhiwa mtu, na mtu huyo hakabidhiwi chochote cha kumsaidia yeye.

Watumishi wenzangu, someni kifungu cha 34 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Kinampa mfanyakazi likizo ya malipo ya angalau siku nne mtoto wake anapougua au kufa, na anapofiwa na mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Rudieni kusoma. Mzazi ametajwa katika kufa, hakutajwa katika kuugua. Mwenzi vilevile. Sheria inanipa nafasi ya kumzika mama yangu, haikufikiria kwamba ningependa kumgeuza akiwa hai. Najua dada yangu hana mwajiri na kifungu hicho hakimgusi. Kinatugusa sisi kaka zake, na hutupa kisingizio kizuri.

Nitaambiwa kwamba haya ni mawazo ya Ulaya, huko wanakowapeleka wazee katika makao, na kwamba utamaduni wetu unajitosheleza. Kwanza, Ulaya yenyewe ilivutwa kwa masikio. Uingereza ilianzisha posho ya anayemtunza mgonjwa mwaka 1976, lakini ikamnyima mwanamke aliyeolewa, kwa hoja kwamba angekuwa nyumbani hata hivyo. Mwanamke mmoja, Jacqueline Drake, aliyeacha kazi ili amtunze mama yake, alidai haki hiyo mpaka Mahakama ya Ulaya, na mwaka 1986 akashinda. Japani nayo, nchi yenye heshima kwa wazazi isiyotiliwa shaka, iligundua kwamba heshima hiyo ilikuwa inabebwa na wakwe wa kike, ikaanzisha mwaka 2000 bima ya lazima ya matunzo ya wazee. Pili, kuhusu utamaduni wetu, shahidi wangu ni Mwalimu Nyerere mwenyewe. Hapakuwa na mtetezi mkubwa wa udugu wa Kiafrika kuliko yeye, na bado mwaka 1967, alipoandika kuhusu ujamaa vijijini, alikiri kwamba wanawake wamekuwa wakifanya kazi kupita sehemu yao ya haki, mashambani na nyumbani. Shirika la Kazi Duniani lilipokadiria mwaka 2018, lilikuta kwamba kazi za matunzo zisizolipwa duniani hufikia saa bilioni 16.4 kila siku, na zaidi ya robo tatu ya kazi hizo hufanywa na wanawake. Basi udugu wetu si wa pekee sana.

Nitaambiwa pia kwamba serikali haina fedha. Lakini Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ikilenga kuwafundisha zaidi ya 137,000. Watu hawa wanaingia majumbani. Sidai waongezewe kitu kikubwa. Nadai kwamba mhudumu akishauliza habari za mgonjwa, amgeukie yule aliyeshika beseni amuulize: wewe unalala saa ngapi, mgongo unaumaje, nani hukupokea? Na awe amefundishwa zile dakika arobaini. Ninyi mlioko halmashauri mnajua jinsi fomu zinavyotengenezwa. Mstari mmoja katika fomu huanza kama karatasi, na baada ya miaka michache huwa bajeti, kwa sababu kilichohesabiwa huona haya kupuuzwa. Hospitali nazo ziweke sharti kwamba mgonjwa wa kiharusi haruhusiwi kutoka mpaka ndugu mmoja ameonekana akimgeuza mbele ya muuguzi. Na siku hiyo ndugu huyo asiwe lazima binti.

Hapo ndipo tunapofika kwenye lile ambalo wanaume hatulisemi. Nilipopendekeza katika kundi letu la WhatsApp la familia kwamba tupange zamu, kaka yetu mkubwa aliandika, "Mwanamume atamsafishaje mama yake mzazi?" Sitalicheka swali hilo. Mwiko huo ni wa kweli, na mama mwenyewe anaujua. Nilipomkaribia kwa beseni aligeuza uso ukutani, nami nikatoka. Lakini hebu tuupime mwiko tuone unaishia wapi. Je, ndoo za maji zina utupu? Shuka zilizolowekwa zina utupu? Uji wa saa moja asubuhi, dawa za shinikizo la damu, kumgeuza mama aliyevikwa kanga zake mbili saa nane za usiku, kumsomea, kukaa naye ili dada alale, katika hayo kuna mwiko upi? Nilihesabu kazi za siku moja nikakuta kwamba mwiko unashika mbili. Nyingine zote tulizipakia juu ya mwiko huo kama abiria wasiolipa nauli.

Na mgongo wa dada nao una heshima yake, sitaukanda mimi. Kuna jirani, mama wa makamo ambaye kwa miaka mingi amewakanda wazazi wote wa mtaa ule. Tumemwomba aje mara mbili kwa wiki, na analipwa, na fedha hizo tumeziandika katika daftari la matibabu ya mama. Kaka mkubwa aliuliza ni matibabu gani hayo. Nikamjibu ni ya mama. Binti amerudishiwa jioni zake za kusoma, ingawa amelalamika kwamba amefukuzwa kazi.

Usiku wa mwisho kabla sijarudi chuoni nilimwambia dada alale, zamu ni yangu. Niliweka kengele ya simu: saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi. Ile ya saa nne na ya saa sita niliamka, nikavuta shuka kama nilivyofundishwa, na mama akanitazama kwa jicho la mtu anayemkagua mwanafunzi. Ya saa nane sikuisikia. Niliposhtuka ilikuwa karibu saa tisa, mama alikuwa ameelekezwa upande wa pili, mto umewekwa katikati ya magoti, na dada alikuwa ameketi kwenye stuli mlangoni.

"Lala tu, mdogo wangu," aliniambia. "Wewe hujazoea."

Likizo yangu ya mwaka ni siku ishirini na nane. Nimeiomba ianze mwezi wa nane.